Aibu Isiyo Yake

Jumapili, baada ya misa. Mvua ilianza padri akiwa katikati ya mahubiri, na mpaka sasa haijakata. Mabati yanapiga kelele, njia za Katoyi, mtaa wetu hapa Goma, zimekuwa uji mweusi, na mlima umefunikwa wote. Heri ufunikwe. Leo sitaki kutazamwa na kitu chochote kikubwa.

Moyo wangu umejaa dharau. Kanisani nilijaribu kutafuta neno la upole zaidi, neno la mtu aliyetoka kupokea komunyo. Sikulipata.

Kwa anayefika kwenye shajara hii ya mtandaoni mara ya kwanza: naitwa Kavira, ninafundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari kule Keshero, nina miaka arobaini na mmoja, na nimeandika riwaya moja. Imenichukua miaka sita. Naishi na Mama Mudogo Kahindo, mdogo wa marehemu mama yangu, aliyekuja kwangu vita vilipoteremka kutoka Rutshuru. Kule Kiwanja alikuwa muuza maharagi. Alifika mlangoni kwangu kwa miguu, tope mpaka magotini, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba mlango wangu umefungwa bawaba vibaya.

Riwaya yangu inamhusu mwanamke anayeitwa Mama Riziki, muuza maharagi wa Kiwanja, anayegombana na mizani, na wakwe, na padri, na hashindwi na mtu kwa maneno. Ana pengo katikati ya meno ya juu. Anatembea mkono mmoja kiunoni. Hata mtu asiyejua kusoma angemtambua mara moja. Mama Mudogo hajui kusoma, na alijitambua mara moja. Alizunguka soko zima akitangaza: "Mutoto wa dada yangu ananiandika."

Alifurahi. Hilo nalitaja mapema ili lijulikane niliharibu kitu gani.

Wanaotaka kuandika huniuliza hatua za kufika kwenye kitabu. Hatua ya kwanza, kwa mwandishi wa Goma, ni semina. Huwezi kuikwepa. Yangu ilifanyika katika hoteli moja kando ya ziwa, chini ya bango lililosema kalamu inaponya. Mkufunzi alitutaka tufumbe macho, tukumbuke mlio wa kwanza wa bunduki tuliowahi kuusikia, kisha tuuchore kwa rangi. Mwalimu mwenzangu wa hesabu, ambaye ana hadithi nzuri sana ya mapenzi ndani ya daftari, alichora duara jekundu akapigiwa makofi. Mimi nilisema nimeandika kitabu cha kuchekesha kuhusu maharagi. Mkufunzi akanitazama kwa huruma, akaandika neno moja kwenye karatasi yake. Wakati wa chai nilipita nikalisoma. Aliandika: "Anakwepa."

Nilikula mishikaki yao yote niliyoweza.

Hatua ya pili kwangu ilikuwa Placide. Placide ni mchapishaji. Alizaliwa huku, akaondoka kijana, sasa ana nyumba ndogo ya vitabu huko Ulaya. Kila tulipoonana kwa video alikuwa amejifunga skafu shingoni, ndani ya chumba ambamo mimi ningevua hata sweta. Anapenda kusema "maumivu yetu". Nilimtumia sura tatu za mwanzo. Alijibu kwamba nina sauti lakini sina hadhira. "Dada, siku hizi mchapishaji hatafuti kitabu. Anatafuta watu wanaokisubiri kitabu."

Niliidharau sentensi hiyo. Pia niliiandika kwenye daftari langu na kuipigia mstari.

Hadhira nilikuja kuipata bila kuitafuta. Vita vilipoingia mjini, shule zilifungwa, umeme ukakatika, tukajifungia ndani siku baada ya siku, tukihesabu milio na kujifanya hatuhesabu. Siku ya nne nilichoka kuogopa. Nikaketi sakafuni kati ya kitanda na ukuta, nikajirekodi kwa simu nikisoma sura ya kwanza, ile ambayo Mama Riziki anamshitaki mkwe wake kwa chifu kwa sababu ya debe lililobonyezwa makusudi. Nikawatumia binamu zangu odio hiyo ili wacheke. Walicheka. Wakawatumia wengine. Jioni yake mtu nisiyemjua, aliyekuwa amejifungia upande wa pili wa mji, aliniuliza kama mkwe alifungwa.

Kwa hiyo nikasoma ya pili. Nilikuwa nikichaji simu kwa jirani mwenye sahani ya jua, narudi, nasoma. Tulipofika sura ya saba kulikuwa na kundi kwenye simu, limejaa watu wa Goma, watu waliokuwa bado kwenye mahema, watu waliovuka mpaka wakafika Kampala na Nairobi. Niliambiwa kwamba kwenye kambi moja wanawake wanane walikuwa wakisikiliza kwa simu moja, na mwenye simu akichelewa kurudi wanamgombeza. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupewa ambayo sikuidharau.

Baada ya sura kumi na tatu nilimpelekea Placide habari, kama mwanafunzi anayeshika karatasi ya matokeo. Alisema amesikiliza zote. Alisema anacheka. Kisha akarekebisha skafu.

"Lakini msomaji wa huku atauliza, dada. Vita viko wapi?"

Nikamwambia viko kwenye sura ya kumi na nne, Mama Riziki anapokimbia. Katika sura hiyo, kama nilivyokuwa nimeiandika, anagombana njia nzima na watu wanaomkanyagia mzigo.

"Dada. Dunia haiijui Kivu kwa ajili ya maharagi. Unajua inaijua kwa ajili ya nini."

Nilijua. Hakulitamka neno lenyewe, ubakaji. Watu wa aina yake hawalitamki. Wanakuachia nafasi ulitamke wewe, ili baadaye iwe ni wewe uliyetaka.

Nilimdharau kabla hajakata simu. Kisha nikaketi mezani nikaandika.

Sasa nakiri. Riwaya ilinichukua miaka sita, na sura hiyo mpya ilinichukua Jumamosi moja. Mama Riziki anafika kwenye kona ya barabara, anakutana na wanaume wenye bunduki, wanamtoa barabarani, na yaliyomo baada ya hapo siyarudii hapa. Hakuna ukurasa uliowahi kunijia kwa urahisi kama ule. Sentensi zilikuwa zimepanga foleni. Nilidhani ni kipaji. Leo najua ni kwa sababu nilikuwa nimeshazisoma zote, kwenye ripoti, kwenye mabango ya ofisi, kwenye vijitabu tunavyogawiwa. Nilikuwa nanakili. Na nilipomaliza, nilijinyoosha, nikaridhika, nikanywa chai.

Nilikuwa na kisingizio. Kila asubuhi Mama Mudogo anapokwenda kuchota maji, hapiti njia fupi. Anazunguka nyuma ya kiwanda cha matofali, mwendo maradufu, na bidoni ya maji kichwani wakati wa kurudi. Nilimuuliza mara moja akasema anapenda kutembea. Mama Mudogo hapendi kutembea. Nikajiambia, basi kuna kitu kilimpata njiani asichoweza kukisema, na mimi kama mwandishi nina wajibu wa kukisema kwa niaba yake. Nililipenda sana neno hilo, wajibu.

Nikajirekodi. Nikaituma.

Sijawahi kuona kitu kikisambaa vile. Sura kumi na tatu za kuchekesha zilikuwa zikitembea kwa miguu. Hii ilipanda pikipiki. Kundi lilijaa nikalazimika kufungua la pili. Nyuso za kulia zilimiminika kwenye skrini mpaka simu ikapata moto. Bwana mmoja wa Nairobi, ambaye hakuwahi kusema neno tangu sura ya kwanza, aliandika kwamba sasa nimekuwa mwandishi wa kweli. Niliisoma mara tatu. Placide akapiga simu siku iyo hiyo, akaniita Kavira badala ya dada, akaniambia ananiandalia mkataba, na barua ya mwaliko ili niombe viza nije nizindue kitabu huko. Aliuliza pia, kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza umri wa mwanamke, ikiwa hii ni habari ya kweli ya mtu wa familia. Jalada lingeweza kusema hivyo.

Sikukataa. Nilisema tutazungumza.

Nikamwambia mkuu wa shule kwamba huenda nitaomba ruhusa. Nikaenda kutazama masanduku ya safari. Nikajifunza sahihi mpya, yenye mkia, nyuma ya karatasi za mtihani wa wanafunzi.

Alhamisi iliyopita shirika letu la Wakatoliki wa mtaa lilikutana kusali nyumbani kwa Mama Rejina, kiongozi wetu. Mimi nilikuwa na masahihisho, Mama Mudogo akaenda peke yake. Alirudi mapema. Alikuwa amebeba kikwembe kipya, kitenge kilichokunjwa vizuri, na vipande viwili vya sabuni. Aliviweka juu ya meza, akaingia chumbani, akafunga mlango. Ijumaa hakusema neno kwangu. Mama Mudogo kukaa kimya siku nzima ni jambo ambalo hata vita havijaliweza.

Jana asubuhi alikuwa anachagua maharagi kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Kavira. Njoo hapa. Walinikamata siku gani?"

Nilisimama.

"Juzi wamesali juu yangu," akasema. "Na jina yangu. Kwa ajili ya dada yetu Kahindo na ile mateso alipata mu njia. Nikauliza, mateso gani? Wote wakaangalia chini. Mama Rejina akanipeleka mu jikoni, akanisikilizisha simu. Ni sauti yako. Nauliza tena. Walinikamata siku gani?"

"Mama Mudogo, ile ni hadisi tu. Ni Mama Riziki, si weye."

"Pengo ni yangu. Mudomo ni yangu. Maharagi ni yangu. Wale askari uliwatoa wapi?"

Nilisema kitu kuhusu wasomaji. Nilisema kitu kuhusu mchapishaji. Nilijisikia nikilitumia neno hadhira mbele ya mwanamke anayechagua mawe ndani ya maharagi, na nikatamani ardhi ya volkano ifanye kazi yake.

"Ku soko wanawake walikuwa wananiogopa," akasema. "Leo wananipa sabuni. Mama Rejina amenishika mukono kama mutu anashika yai." Akatupa jiwe pembeni. "Na kuna mumoja, unamujua, anaishi nyuma ya kanisa. Yeye ilimupata kweli. Hakuna mutu aliyemupelekea kikwembe. Umechukua mateso yake, ukaniwekea mimi, na ni mimi nakula sabuni yake."

Ni hapo niliposikia aibu yenyewe. Mwanamke huyo namfahamu. Tunasalimiana. Sikuwa nimemfikiria hata mara moja Jumamosi ile nzima.

Nikajitetea kwa kitu cha mwisho nilichokuwa nacho. Nilimwambia nilidhani kuna jambo, kwa sababu ya njia ya maji, kwa sababu anazunguka kila siku na hasemi kwa nini.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Jambo liko," akasema.

Akaniambia. Alieleza polepole, bila mapambo, huku akiendelea kuchagua, na mimi nilikaa kwenye kigoda nikisikiliza.

Siku ya pili ya kukimbia, mvua iliwakuta kwenye kijiji kimoja kando ya barabara kuu, watu wamejibanza chini ya veranda za maduka yaliyofungwa. Alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, nusu gunia ya maharagi aliyokuwa ameifunika kwa nguo. Mbele yake alikuwa mwanamke mwenye watoto mapacha, wavulana, wadogo lakini wanaotembea. Mwanamke yule alikuwa amefanikiwa kuwasha moto. Alikuwa na sufuria, alikuwa na maji yanayochemka, hakuwa na cha kutia. Akamgeukia Mama Mudogo akamwomba kikombe kimoja tu cha chochote.

"Nikamuambia sina. Nikamuambia ni manguo tu. Na nilikuwa nimeikalia, Kavira. Nilikuwa nasikia maharagi chini ya matako yangu namuna unasikia mawe. Nilifikiri, nikifungua mbele ya hawa watu wote, sitafika nayo. Mwanamuke akaniangalia, akaniambia, aksanti mama. Aksanti. Akawanywesha watoto ile maji ya moto."

Alifika Goma na nusu gunia yake. Tuliyala hayo maharagi. Mimi niliyala. Nakumbuka nilisifu yanavyoiva haraka.

Kisha, miezi michache baadaye, alimwona mwanamke yule hapa hapa Katoyi. Anauza makala, makaa ya kupikia, kwenye kona ya njia fupi ya maji. Mwanamke yule hakumtambua. Alimsalimu kwa heshima, shikamoo mama, kama anavyomsalimu mtu yeyote aliyemzidi umri. Tangu siku hiyo Mama Mudogo anapitia nyuma ya kiwanda cha matofali.

"Sasa ukitaka kuniandikia aibu," akasema, "andika ile niko nayo. Usiniazime ya mutu mwingine."

Napaswa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Nilifanya jambo baya zaidi. Wakati bado anazungumza, kichwa changu kilikuwa kimeshafika kwenye sufuria yenye maji yanayochemka bila kitu, kikajiambia, hiyo hapo, hiyo ndiyo sura ya kumi na nne. Kwa muda mfupi nilikuwa na furaha. Mama Mudogo akanitazama usoni, na nadhani aliiona.

"Washa ile kitu," akasema akionyesha simu. "Nitasema mwenyewe."

Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia nitasahihisha mimi, nitaomba msamaha mimi. Akasema nitaomba, ndiyo, lakini baadaye, na kwa maneno machache, kwa sababu maneno yangu yana sukari. Akashika simu kwa mikono miwili, karibu sana na mdomo, kama watu wa rika lake wanavyofanya.

"Mimi ni Kahindo. Ule munaita Mama Riziki. Hakuna mutu alinikamata mu njia. Mutoto wa dada yangu alidanganya, na nimemugombeza. Wale iliwapata kweli wanaishi katikati yenu, muwapelekee wao sabuni. Mimi nitawaambia ile nilifanya."

Na akawaambia. Veranda, nusu gunia, kikombe, aksanti mama. Alitaja kila kitu isipokuwa kona ya makala. Alipomaliza akanirudishia simu akaweka sufuria jikoni. Mimi nikarekodi yangu, sentensi nne: kwamba sura ile ni uongo, kwamba niliandika kwa tamaa, kwamba naifuta, kwamba ninaomba radhi kwa Mama Mudogo na kwa wote ambao jambo lile lilikuwa lao. Nikatuma zote mbili.

Hadhira yangu ilianza kuondoka kabla sijaweka simu chini. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Bwana wa Nairobi alitoka miongoni mwa wa kwanza, lakini kwanza aliandika kwamba amevunjika moyo, kwamba alikuwa ameshamsimulia mke wake. Mwingine aliuliza sasa aamini nini. Mama mmoja alisema Mama Kahindo angemezea tu, mambo ya vita hayasemwi hivyo. Kufikia jioni kundi la pili lilikuwa karibu tupu, na nilikuwa nikiwadharau mmoja mmoja kwa majina, kwa orodha, kama anayesoma mahudhurio ya darasa. Waliililia aibu ambayo haikuwepo. Walipoletewa ya kweli, ndogo, ya kikombe kimoja, wakakimbia.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda kanisani leo. Mama Mudogo alivaa kikwembe chake cha zamani. Kile kipya, pamoja na sabuni, alikuwa amekipeleka alfajiri nyuma ya kanisa. Hakuniambia walisema nini na mwenye nyumba.

Tuliporudi, tumelowa, nilifungua simu nikitegemea majina mengine ya waliotoka. Nikakuta odio. Ilikuwa ya mwanamke, sauti ya mtu anayezungumza akiwa amejifunika na kitu.

"Mama Kahindo. Mimi nilikuwa na maji. Bidoni ilikuwa imejaa. Kulikuwa muzee mumoja, nikamuambia ni petroli."

Basi. Hakuna zaidi. Sekunde chache.

Chini yake kulikuwa na nyingine, ya mwanamume. Alisema alikuwa na pikipiki, akafunga godoro nyuma, na jirani yake mjamzito alikuwa amesimama pale barabarani akimtazama anavyofunga kamba. Alisema godoro hilo bado analilalia. Kisha nyingine, ya msichana, aliyeanza mara mbili na mara zote mbili akaacha. Nyingine tena. Nilizihesabu nikaacha kuhesabu. Kuhesabu ni ugonjwa wa Placide.

Nilimwekea Mama Mudogo zote. Alisikiliza ameketi wima, nguo bado mbichi. Ile ya maji alitaka airudie, halafu airudie tena.

"Mujibu," akaniambia. "Muambie nimesikia."

"Nimwambie hivyo tu?"

"Hivyo tu. Usiongeze."

Nilipokuwa naandika, ujumbe wa Placide ukaingia juu yake. Mtu fulani kundini alikuwa amemtumia odio ya Mama Mudogo. Nanakili alichoandika neno kwa neno, kwa sababu mtu anayenisoma hatanisadiki: "Kavira, sauti hii ni dhahabu. Tunaiweka mahali pa sura ya 14. Swali moja tu: wale mapacha, hawawezi kufa? Nadhani msomaji atahitaji wafe."

Nilimsomea Mama Mudogo. Labda sikupaswa. Alifikiri kidogo, kama anayeulizwa bei.

"Muambie juzi niliwaona wanapigania mupira," akasema.

Nilimwandikia Placide barua tatu. Ya kwanza ilikuwa na skafu ndani yake na nilijivunia sana. Ya pili ilikuwa na wazazi wake. Nikazifuta. Dharau ikizidi inaanza kujipamba, na mimi nimeshajipamba vya kutosha mwezi huu. Niliyotuma ilikuwa hivi: "Hawafi. Sura ya kumi na nne nimeifuta. Mkataba sitautia sahihi." Alijibu baada ya dakika chache kwamba nisikasirike, nifikirie kwanza, kwamba mlango bado uko wazi. Sikujibu tena.

Lakini hii ni shajara yangu na sitajifanya shujaa ndani yake. Nilitaka sana kwenda. Nilitaka kusimama mahali ambapo hakuna anayejua bei ya makala, na watu wanisikilize wakiwa wamekaa kwenye viti. Nikiwa mkweli, sehemu kubwa ya dharau niliyonayo kwa Placide ni kwamba aliniona vizuri. Aliniomba jambo chafu, na hakulazimika kuomba mara mbili.

Kuna fundi karibu na shule anayetoa fotokopi na kushona karatasi za wanafunzi wanaomaliza. Nitampelekea kitabu, sura kumi na tatu na nafasi tupu ya kumi na nne mpaka nitakapojua kuiandika. Zitatoka nakala chache zenye jalada la karatasi ngumu. Mkufunzi wa semina atasema ninakwepa.

Mvua imepungua sasa. Nimemsomea Mama Mudogo yote haya kabla ya kuyaweka hapa, na amekubali, isipokuwa amesisitiza niandike kwamba ile bawaba ya mlango kweli ilikuwa imefungwa vibaya.

Halafu akasema kwamba kesho asubuhi atapita njia fupi. Mama wa makala lazima asikie kutoka kwake, kabla hajasikia kwenye simu ya mtu. Nikamwambia nitamsindikiza. Barabara ina matope, yeye si kijana, nitambebea bidoni.

"Hapana," akasema. "Weye utabaki. Ukienda, utasikiliza sana."

Alisema bila hasira. Sasa amelala kidogo, na mimi niko hapa mezani. Kesho ataamka kabla yangu, ataondoka, atakaa huko muda ambao sitaujua, na atarudi na uso wowote atakaokuwa nao. Nitamfungulia mlango. Nitamwekea chai.

Nitaweza kutomuuliza?